Umepunguza tumbo, kiungulia kimeanza: Fahamu kwa nini asidi inapanda baada ya upasuaji

Kilo zimeshuka, suruali za zamani zinatosha tena, na mtaani kila mtu anauliza umetumia nini. Shida inakuja usiku. Ukilala chali unashtuka maji machachu yamefika kooni, kifua kinawaka moto, na asubuhi sauti imekauka kama ya mtu aliyekesha kwenye ngoma.

Kama umefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, hali hiyo inaelezeka. Asidi inayotakiwa kubaki kwenye mfuko wa chakula inapanda juu kwenye umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni. Kiungulia ndiyo dalili yake kubwa. Na kwa aina moja ya upasuaji, ile inayofanyika zaidi duniani kwa sasa, hili ni tatizo la kawaida kuliko wengi wanavyofikiria wanaposaini fomu.

Unaweza kujiuliza, hii inahusu nini Chanji? Rukwa tumezoea habari za udumavu: utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani wamedumaa. Lakini mkoa huohuo una watu wazima wenye uzito mkubwa, kisukari na presha, na siku hizi si lazima upande ndege kwenda India kupunguza tumbo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, pale Dar es Salaam, inaweka puto na inafanya upasuaji. Nairobi nako zipo hospitali binafsi zinazofanya. Mtu anasafiri, anafanyiwa, anarudi zake Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kwa daktari aliyemkata. Kiungulia kinakuja miezi au hata miaka baadaye, na wa kwanza kuelezwa ni muuzaji wa duka la dawa.

Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, maana kwetu kila kinachowaka tumboni kinaitwa "vidonda vya tumbo" au "gesi".

Asidi inazuiwaje kwa kawaida

Pale umio unapoungana na mfuko wa chakula kuna msuli wa mviringo unaofunga na kufungua kama mdomo wa mfuko wa kamba. Unasaidiwa na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Unasaidiwa pia na umbo lenyewe: umio unaingia kwa pembe kali, na juu ya mfuko kuna sehemu kama kuba inayotanuka chakula kikiingia. Ukila sana kuba linatanuka, presha ndani haipandi haraka, na ile pembe inabana njia ya kurudi juu.

Kumbuka hilo kuba, maana ndilo linalokatwa.

Upasuaji wa slivu unabadilisha nini

Slivu ni kama kusema "mkono wa shati". Daktari anaingia kwa matundu madogo, anakata na kutoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, anabakiza bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Kuba la juu linaondoka pamoja na sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza homoni ya njaa, ndiyo maana hamu ya kula inashuka na si nafasi tu inayopungua.

Mwanzoni slivu haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilikuwa hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi kwa watu wenye uzito wa hatari, ili wapungue kidogo kabla ya hatua ya pili. Wengi wakapungua vya kutosha, hatua ya pili ikaonekana haina haja. Ni rahisi kuliko upasuaji mwingine wa aina hii na haigusi utumbo. Basi ikashika dunia nzima.

Watu wanashangaa: mfuko umekatwa, asidi si ingepungua? Ni kweli seli zinazotengeneza asidi zimepungua. Ila kilichobaki ni bomba jembamba lisilotanuka vizuri, na chini yake mlango wa kwenda kwenye utumbo bado upo na unafunga kama zamani. Ukilijaza kidogo tu, presha inapanda. Chini pamefungwa, kwa hiyo kilichomo kinasukumwa kwenda juu. Na juu ulinzi umepungua, kwa sababu ile pembe kali imepotea na mara nyingine baadhi ya nyuzi za msuli wa mlango zimekatwa pamoja na kuba.

Sababu nyingine ni za mtu mmoja mmoja. Bomba linaweza kuwa limebana au kujisokota katikati. Au sehemu ya mfuko imepanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, hali ambayo watu wengi wanene wanayo bila kujua. Kama haikuonekana na kurekebishwa siku ya upasuaji, asidi inapata njia. Na kuna walioanza vizuri, uzito ukarudi baada ya miaka mitatu au minne, kiungulia kikarudi nao.

Takwimu zinasemaje

Tafiti mbili za Ulaya ndizo zinazotajwa sana, kwa sababu wagonjwa walipangwa kwa bahati nasibu, nusu slivu na nusu baipasi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka.

Ya Uswisi ilikuwa na wagonjwa 217, na matokeo ya miaka mitano yakatoka 2018. Kati ya waliokuwa na kiungulia kabla, kilizidi kwa asilimia 31.8 ya waliofanyiwa slivu, dhidi ya 6.3 ya baipasi. Kati ya ambao hawakuwa nacho kabisa, kiliwaanza asilimia 31.6 wa slivu dhidi ya 10.7 wa baipasi. Kwa hiyo kati ya walioingia chumba cha upasuaji wa slivu bila kiungulia, karibu mmoja kati ya watatu baadaye alikipata.

Ya Finland ilikuwa na wagonjwa 240, na mwaka 2022 ikatoa matokeo ya miaka kumi. Walipoingiziwa kamera, asilimia 31 ya wa slivu walikutwa umio umechomwa na asidi, dhidi ya asilimia 7 wa baipasi.

Tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Kwenye ule utafiti wa Uswisi, robo ya waliokuwa na kiungulia kabla ya slivu walipona, kwa sababu unene wenyewe unasukuma asidi juu, na unene ukiondoka mzigo unapungua. Faida kwa kisukari, presha na magoti ni kubwa pia. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye kiungulia kikali tangu mwanzo, au aliyekwisha kukutwa na michubuko kwenye umio, anapaswa kujadili na daktari kama slivu ndiyo inayomfaa.

Baipasi na puto

Kwenye baipasi, daktari anatengeneza kifuko kidogo sana juu, chenye ujazo kama wa mililita 30, halafu anakiunganisha moja kwa moja na utumbo. Mfuko wa zamani unabaki mwilini lakini chakula hakipiti huko, na asidi yake inashukia mbali. Ndiyo maana baipasi mara nyingi inatibu kiungulia. Bei yake ni upasuaji mgumu zaidi na hatari kubwa zaidi ya upungufu wa vitamini na madini.

Ipo baipasi fupi yenye kiungo kimoja badala ya viwili. Hii inaweza kupandisha nyongo. Ladha inaweza kukusaidia kueleza unachokipata: asidi ni chachu, kama ndimu, nyongo ni chungu, na ukitapika ni ya njano au kijani. Mwambie daktari ni ipi, maana dawa ya asidi haitibu nyongo.

Puto si upasuaji. Linawekwa kwa kamera kupitia mdomoni, linajazwa maji au hewa, na linatolewa baada ya miezi kadhaa kulingana na aina yake. Kichefuchefu, kutapika na kiungulia siku za mwanzo ni kawaida, na mara nyingi hutulia. Puto halipaswi kusahaulika tumboni. Kama tarehe ya kulitoa imepita kwa sababu nauli ya Dar imekosekana, piga simu hospitali leo.

Dalili za kutokusubiri

Kiungulia cha kawaida hakiui usiku mmoja. Haya hapa chini ni mambo mengine kabisa, na ukiyaona nenda hospitali, si duka la dawa:

- Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, au choo cheusi kama lami.
- Chakula kukwama kifuani, au kushindwa kumeza hata maji.
- Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho. Huo unaweza kuwa moyo.
- Wiki za kwanza baada ya upasuaji: homa, pumzi fupi, mapigo ya moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto. Sehemu iliyoshonwa inaweza kuwa inavuja.

Hilo la kushindwa kumeza nalisisitiza. Afrika Mashariki iko kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia, hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa upasuaji. Mtu anayeanza kumezea uji tu kwa sababu ugali haupiti asitibiwe kiungulia kwa miezi sita.

Kuna jingine halijulikani sana. Ukitapika siku nyingi mfululizo baada ya upasuaji huu, vitamini B1 inaisha mwilini haraka. Mtu anaanza kuyumba akitembea, anaona vitu viwili viwili, anachanganyikiwa. Nyumbani watu wanaweza kudhani amelewa au amerogwa. Ni dharura, na isipotibiwa ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Ukifika zahanati wakaanza kuandaa dripu ya sukari, sema mapema: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo na nimetapika siku kadhaa, naomba B1." Sukari ikiingia bila B1 inaweza kuzidisha tatizo.

Dawa: wengi wanazimeza vibaya

Omeprazole na ndugu zake kama pantoprazole na esomeprazole hazizimi asidi ambayo tayari iko tumboni. Zinazuia isitengenezwe. Kwa hiyo kumeza kidonge kifua kikiwa kinawaka, baada ya kula, ni kuchelewa. Inamezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, kila siku kwa kipindi ulichoandikiwa. Usiitafune ile kapsuli. Ile dawa nyeupe ya maji ndiyo inayotuliza haraka, lakini haikai muda mrefu.

Baada ya wiki nane hivi daktari anatakiwa kukuangalia upya. Kuna wanaoendelea kununua wenyewe miaka na miaka kwa sababu bei si kubwa. Tatizo ni kwamba dawa hizi zikitumika muda mrefu zinaweza kupunguza vitamini B12, madini ya chuma na magnesi, na wewe uliyekatwa tumbo tayari una upungufu huo mlangoni. Wala usiache ghafla baada ya muda mrefu. Asidi inaweza kurudi kwa kishindo wiki za mwanzo, ukadhani ugonjwa umezidi.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini za kujinunulia kwa ajili ya mgongo au jino, ziepuke, hasa kama una baipasi, maana zinachimba kidonda pale kwenye kiungo. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ndiyo salama zaidi.

Na magadi? Kulamba magadi au kunywa soda ya kuokea kunatoa gesi nyingi, na bomba lako halina nafasi ya gesi. Maziwa baridi yanatuliza kwa dakika chache, baadaye yanaweza kuchochea asidi zaidi. Si sumu, ila si tiba.

Chakula na usingizi, kwa maisha ya Ufipa

Ushauri ulioandikwa kwa mtu wa Ulaya unasema acha kahawa na chokoleti. Huku tatizo kubwa huwa muda na kiasi. Juni na Julai baridi ya Sumbawanga inawafanya watu wale saa 2 usiku na saa 3 wawe chini ya blanketi. Kwa aliyefanyiwa slivu hiyo ni karibu hakika ya kuamka na asidi kooni. Yaache yapite masaa matatu kati ya chakula cha mwisho na kitanda. Kama familia inakula usiku, wewe kula saa 12 jioni, halafu kaa nao tu.

Ugali si adui, wala wa ulezi. Adui ni tonge kubwa linalomezwa bila kutafunwa na kusindikizwa na glasi ya maji. Kula kidogo mara nyingi, tafuna hadi kilainike, na maji yasubiri nusu saa baada ya chakula. Migebuka na dagaa wa Tanganyika ni protini nzuri sana kwako. Wa kuchemsha au wa mchuzi mwepesi wanakaa vizuri kuliko waliozama kwenye mafuta ya alizeti. Uji mtamu wa ulezi ni sawa kwa wengi, ila ule uliochachushwa au uliokamuliwa ndimu unaweza kukuwashia moto.

Soda zina gesi, ziache. Pombe nayo, iwe bia au komoni, inalegeza ule msuli wa mlango, na baada ya upasuaji pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani. Sigara vilevile inalegeza msuli, na kwa mwenye baipasi inaleta vidonda.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20. Weka matofali imara chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii sana kwa sababu unajikunja kiunoni na tumbo linabanwa. Lala ubavu wa kushoto. Mfuko wa chakula umekaa hivyo kwamba asidi inabaki chini ya mlango.

Halafu kuna hili la kufunga tumbo. Dada zetu wakishapungua, ngozi inalegea, wanafunga kanga kwa nguvu au wanavaa ile mikanda ya kubana ili tumbo likae sawa. Nawaelewa kabisa. Lakini mkanda unakamua bomba lilelile ambalo presha yake iko juu tayari. Kulima kwa jembe umeinama mara tu baada ya kula kunafanya kazi hiyohiyo. Lima kwanza, ule baadaye.

Dawa na masharti yakishindikana

Hapo kinatakiwa kipimo cha kamera, siyo kuongeza dozi kwa kubahatisha. Kamera inaonyesha kama umio umechomwa, kama bomba limebana, kama mfuko umepanda kifuani, na inachukua kinyama cha kupima, pamoja na yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Hapo ndipo utajua kama kweli una vidonda au ulikuwa unaitwa hivyo tu.

Palipobana panaweza kutanuliwa kwa puto maalumu kupitia kamera. Tundu la kiwambo linaweza kurekebishwa. Upasuaji wa kawaida wa kiungulia, ambao daktari anazungushia kuba la mfuko kwenye umio kama skafu, haufanyiki kirahisi kwako kwa sababu hilo kuba halipo tena. Kwa hiyo suluhisho la mwisho kwa wengi ni kubadilisha slivu kuwa baipasi. Wengi wanapata nafuu kubwa, ila ni upasuaji wa pili, na unahitaji hospitali yenye uzoefu.

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji wa unene linashauri kila aliyefanyiwa upasuaji huu apimwe kwa kamera baada ya mwaka mmoja, na mwenye slivu au baipasi fupi arudie kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, hata kama hasikii chochote. Sababu ni kwamba asidi inaweza kubadilisha seli za umio taratibu na kimyakimya. Hali hiyo inaitwa Barrett, na kwa watu wachache huishia kwenye saratani. Kwenye utafiti wa Finland ilikutwa kwa asilimia 4 ya wagonjwa baada ya miaka kumi, slivu na baipasi sawa. Ni wachache, lakini bila kamera huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao.

Kwa aliyeko Chanji, njia ya rufaa ni kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Laela na Tunduma. Piga simu kabla ya kukata tiketi, uulize siku za kamera, gharama, na kama bima yako inakubalika. Nenda hujala, kwa kawaida wanataka masaa sita hadi nane tumbo likiwa tupu.

Na beba ripoti ya upasuaji. Daktari wa Mbeya anayekutana nawe mara ya kwanza hawezi kujua kwa kutazama makovu madogo matano kama una slivu, baipasi ndefu au fupi, na matibabu ni tofauti. Kama hospitali iliyokufanyia haikukupa karatasi, iombe, ni haki yako: aina ya upasuaji, tarehe, jina la daktari, na kama kiwambo kilirekebishwa. Ipige picha ikae kwenye simu, na mtumie mtu mmoja wa nyumbani, maana siku ukiletwa huwezi kuongea, yeye ndiye atakayeulizwa.